Mikono ya Darasa la Tano

Video ilikuwa na urefu wa dakika kumi na saba na sekunde arobaini. Niliirekodi kwa simu niliyoiegemeza dirishani, mbele ya darasa, ili wanafunzi waonekane vizuri. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani namba za chini zisizofanana, Darasa la Tano, wanafunzi arobaini na sita, wote wamehudhuria. Niliuliza maswali ishirini na tisa. Kila swali darasa zima lilinyosha mikono, na kila niliyemchagua alijibu sawasawa, isipokuwa wawili.

Kazi hiyo niliipandisha kwenye mfumo wa mafunzo ya walimu kazini, moduli ya nane kati ya tisa. Mafunzo yenyewe ni ya miezi mitatu, yote kwa mtandao. Unasoma kwa wakati wako na kujibu maswali, na katika moduli ya nane unajirekodi ukifundisha, kisha mwalimu wa wilaya nyingine anayesoma mafunzo hayo hayo anatazama na kujaza fomu ya tathmini. Nina miaka hamsini. Ishirini na sita kati ya hiyo nimefundisha hisabati katika shule hii hii ya Old Moshi, na shahada yangu niliisoma nikiwa kazini. Fomu haikunitia wasiwasi.

Ilirudi na vipengele kumi na viwili. Kumi na kimoja vilijazwa Ndiyo. Cha mwisho kiliuliza kama mwalimu amepima uelewa wa wanafunzi wote, na mtathmini, aliyejitambulisha kama H. Munisi wa Wilaya ya Hai, alikuwa ameandika: "Hapana. Mwalimu amewauliza wanaojua tu. Namwomba aitazame video yake tena, aangalie mikono."

Niliitazama tena mara moja. Niliona mikono arobaini na sita ikinyooshwa mara ishirini na tisa. Nikahitimisha kwamba mtu aliyeandika vile hakuitazama video. Siku hiyo hiyo nilipeleka malalamiko kwa mratibu wa mafunzo. Yalikuwa nusu ukurasa, bila neno hata moja la hasira. Niliweka idadi ya wanafunzi, idadi ya maswali, idadi ya mikono, na ombi kwamba mtathmini huyo achunguzwe.

Mwalimu Wilson, anayefundisha Darasa la Sita na ambaye wakati huo alikuwa bado kwenye moduli ya pili, aliomba ayasome. Aliponirudishia simu alisema nimemchinja mtu kwa wembe mpya, na kwamba huyo Munisi atageuza shingo ndipo ajue amekatwa.

Jumatatu mratibu alijibu. Malalamiko yangu yalikuwa mazito, aliandika, kwa sababu kanuni inasema anayejaza fomu bila kutazama video hapewi cheti. Kwa hiyo cheti cha Mwalimu Munisi kimesimamishwa. Orodha ya wahitimu wa mwaka huu inafungwa Ijumaa saa kumi jioni, na jina ambalo halitakuwemo litasubiri mwaka ujao. Mwalimu Munisi anasisitiza kwamba alitazama. Ameomba pia uamuzi uharakishwe, maana anafundisha kwa mkataba katika shule binafsi, mkataba unaisha mwisho wa mwezi, na uongozi umemwambia hautauhuisha bila cheti hicho. Basi nilete ushahidi kamili kabla ya Alhamisi.

Habari ya mkataba niliisoma mara mbili. Nilijiambia haibadilishi chochote katika mambo yaliyotokea. Mtu ambaye kazi yake inategemea cheti alikuwa na sababu zaidi ya kutazama.

Jumanne baada ya vipindi nilikaa na kompyuta ya ofisi ya walimu, nikachora jedwali lenye mistari ishirini na tisa, mmoja kwa kila swali. Safu zilikuwa swali, idadi ya mikono, jina la niliyemchagua na jibu lake. Kwa kuwa Munisi alitaja mikono, niliongeza safu ya tano: mkono gani. Nilitaka asibaki na mahali pa kujificha. Nikawa nasimamisha video kwenye kila swali na kujaza.

Kufikia swali la saba safu ya tano ilikuwa na neno moja tu likijirudia, kulia. Peke yake hilo si ajabu. Watu wengi hutumia mkono wa kulia. Lakini kwenye picha iliyosimama mbele yangu mikono ya kushoto ilikuwa mingi, kwa hiyo nikaihesabu. Nikarudi swali la kwanza, nusu kujumlisha robo, na kuhesabu upya: mikono ya kushoto tisa. Swali la saba, theluthi mbili kujumlisha robo tatu: kumi na minane. Swali la ishirini na tatu, lenye namba mchanganyiko: thelathini na mmoja.

Darasa la watoto arobaini na sita linaweza kuwa na wanne au watano wanaotumia mkono wa kushoto. Haliwezi kuwa na thelathini na mmoja. Wala hakuna mtoto anayetumia kulia kwenye nusu na kushoto kwenye theluthi.

Nilimaliza jedwali. Niliowachagua walikuwa ishirini na tisa, na wote ishirini na tisa walikuwa wamenyosha mkono wa kulia. Hata kama mikono ingekuwa nusu kwa nusu kila mara, nami nikachagua bila kujali, uwezekano wa kupata kulia mara ishirini na tisa mfululizo ni mmoja katika zaidi ya milioni mia tano. Niliacha kutafuta ushahidi dhidi ya Munisi.

Mwalimu Wilson alikuwa anakunywa chai meza ya pili. Nilimwita aone. Alitazama picha, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kulia anajua, kushoto hajui," alisema. "Madam, acha utani. Si utaratibu wako huo?"

Nilimwambia sijawahi kuwaambia watoto hawa kitu kama hicho.

"Hawa labda. Mimi nimehamia hapa elfu mbili na kumi na moja nikaukuta. Wakija wathibiti ubora nautumia hivyo hivyo. Miaka yote nakuombea baraka, kumbe mwenye mali huna habari."

Jumatano asubuhi nilimwita Kindness, kiranja wa Darasa la Tano, nikamuuliza kwa nini wengine wananyosha mkono wa kushoto. Alishangaa kama mtu aliyeulizwa jina la shule yake. Anayejua ananyosha wa kulia, alieleza, na asiyejua wa kushoto, ili asiitwe. Nilimuuliza nani amewafundisha.

"Dada Rachel, alipokuwa bado hapa. Alisema kwamba kwako, Mwalimu Eunike, ukinyosha wa kushoto umepona."

Rachel yuko sekondari sasa. Yeye naye aliambiwa na waliomtangulia, nao na waliowatangulia, na mwanzo wa mnyororo huo naujua. Ni mwaka 2003. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, wakaguzi, ambao siku hizi ndio wathibiti ubora, walikuwa wanakuja Ijumaa, na Darasa langu la Sita lilikuwa zito katika kugawanya. Alhamisi niliwaambia: wote nyosheni, anayejua kulia, asiyejua kushoto. Wakaguzi waliandika kwamba ushiriki wa wanafunzi ni bora. Nilikusudia iwe ya siku moja. Watoto waliona inawafaa, wakaiendeleza kama wanavyoendeleza sheria za mchezo wa rede, darasa kwa darasa, bila mtu mzima kusimamia. Jicho langu nalo lilizoea kwenda kulia na baada ya muda likaacha kuniarifu. Sisemi hivi kujitetea. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku hiyo hiyo niliandika kwa mratibu kwamba nayaondoa malalamiko. Nilieleza kwamba Mwalimu Munisi alitazama video kwa makini kuliko mimi, na kwamba kipengele cha kumi na mbili alikijaza kwa haki. Niliambatanisha jedwali lote. Wilson alinishauri niandike tu kwamba tumeelewana, yaishe. Nilimjibu kwamba hatujaelewana kwa sababu hatujawahi kuongea, na kwamba nikiandika hivyo itabaki kwenye kumbukumbu kuwa huenda kweli hakutazama. Mwalimu Mkuu alilisoma jedwali polepole, akauliza kama jina la shule limo. Nilimwambia limo. Alinirudishia karatasi.

Alhamisi mratibu alishukuru, ila akaongeza jambo ambalo sikulijua. Malalamiko yakishafunguliwa hayafungwi na upande mmoja. Pande zote mbili zinatakiwa kuthibitisha kwenye mfumo kabla ya Ijumaa saa kumi, la sivyo shauri linakwenda kwenye kamati inayokaa mwezi ujao. Orodha itakuwa imefungwa, na mkataba wa Mwalimu Munisi umekwisha.

Nilithibitisha upande wangu palepale. Upande wake ulikuwa mtupu. Mratibu alinipa namba yake ya simu na mahali shule yake ilipo. Niliipiga mara nne, ikaita bila kupokelewa. Nilituma ujumbe kujitambulisha na kuomba tuzungumze. Tiki zikawa za bluu, jibu halikuja. Sikuweza kumlaumu. Mara ya mwisho kupata habari kutoka kwangu alikuwa amepoteza cheti.

Jioni nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, ambako mama mkwe wangu alipanda masale ya uzio kabla sijaolewa, nikakata jani moja refu. Mtu akimkosea mwenzake huku kwetu, akampelekea jani la isale, aliyekosewa hutarajiwa kusamehe. Mimi siamini kwamba jani lina nguvu yoyote. Lakini katika maisha yangu nimelishuhudia likipelekwa mara sita, moja ikiwa kesi ya mpaka iliyoshinda baraza la kata, na mara zote sita lilipokelewa. Nililifunga fundo, nikaliviringisha kwenye gazeti.

Ijumaa niliomba ruhusa, na saa tano kasoro nikawa Kwa Sadala, wilayani Hai. Shule yake iko nyuma ya soko, vyumba saba na uwanja uliofagiliwa vizuri. Mlinzi alinionyesha darasa. Nilisimama kwenye kivuli cha veranda mpaka kengele ilipogongwa, akatoka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, vidole vyeupe kwa chaki. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu Eunike."

Nilikuwa bado sijasema jina langu. Niliitikia marahaba. Sura nilikuwa na hakika nimewahi kuiona lakini sikuweza kuiweka mahali.

"Kama umekuja kwa ajili ya ile Hapana, Mwalimu, umejisumbua," alisema. "Siibadilishi. Cheti wakichukue."

Nilimwambia Hapana yake ni sahihi, na kwamba nimeshaandika hivyo kwa mratibu. Kisha nilifungua gazeti, nikampa isale kwa mikono miwili. Nilimwambia kwamba nimemkosea. Nilimshitaki kwa kutotazama, na asiyetazama ni mimi.

Aliliangalia lile fundo. Nyuma yake watoto walianza kuchungulia mlangoni. Aliwarudisha ndani kwa kugeuza kichwa tu.

"Unaniletea mimi?"

"Nakuletea wewe."

"Basi mama mkwe wangu asijue. Mmachame yule, watu wa Old Moshi anatutania sana. Atasema nimetoka Old Moshi kuja kuwakatisha walimu wangu isale."

Nilimuuliza kwa nini ananihesabu kati ya walimu wake. Ndipo akajitaja: Hellen, binti wa mzee Elimringi, wale wa juu ya kanisa, Darasa la Sita mwaka 2003. Munisi ni jina la mume. Nilimkumbuka wakati huo, kwa sehemu. Nilikumbuka dawati, nikakumbuka sweta. Sikukumbuka hata jibu lake moja, na sababu ya kutokumbuka aliitoa yeye.

"Mkono wangu wa kushoto una misuli kuliko wa kulia," alisema akicheka. "Miaka miwili, Mwalimu. Hukuniita hata mara moja. Nilikushukuru sana wakati ule."

Alilipokea jani, akalishika vizuri.

Mengine aliyaeleza tukitembea kwenda ofisini kuchukua simu yake. Jina langu lilipotokea kwenye kazi aliyopangiwa, alimwandikia mratibu kwamba ananifahamu na kuomba apangiwe mtu mwingine. Alijibiwa kwamba watathmini wamekwisha. Kwa sababu hiyo aliitazama video mara tatu, asije akaniumiza kwa ya zamani. Zile Ndiyo kumi na moja aliziandika kwa kuwa zilikuwa kweli. Somo lilipangwa vizuri, mifano ilikuwa mizuri, na sauti yangu, alisema, bado inafika mpaka barabarani. Tangu Jumatatu hakuwa amefungua mfumo. Ujumbe wangu alidhani ni wa kumtaka abadilishe jibu, na alikuwa anaogopa kwamba nikimpigia atakubali, kwa kuwa mimi ni mwalimu wake.

Saa tano na dakika arobaini alithibitisha. Tulikaa tukiutazama ukurasa ukizunguka, mtandao wa pale si mzuri kuliko wetu, mpaka neno "limefungwa" likatokea kwenye shauri. Saa tisa mratibu aliandika kwamba jina la Mwalimu Hellen Munisi limerudi kwenye orodha.

Katika miaka ishirini na sita nimefundisha watoto zaidi ya elfu moja na mia mbili. Kwamba mmoja wao amekuwa mwalimu wa hisabati wilaya ya jirani si jambo la kushangaza, idadi inaruhusu. Kwamba huyo huyo alipangiwa video yangu ni bahati ya kawaida. Ambalo hesabu yangu yoyote isingelitabiri ni kwamba mtoto ambaye sikumwita kwa miaka miwili angenitazama mara tatu ili asinionee.

Alipokwisha kuthibitisha sikuondoka. Alikuwa na kipindi, akaniruhusu nikae nyuma. Kila mtoto alikuwa na kibao chake, kipande cha mbao nyembamba kilichopakwa rangi nyeusi, kikubwa kama daftari lililofunguliwa. Aliuliza swali, wote wakaandika jibu kwa chaki, na kwa ishara moja wote wakainua. Alisoma vibao safu kwa safu bila kusema nani amepata. Aliandika majina machache kwenye kijitabu, akauliza swali la pili. Katika dakika thelathini na tano hakuuliza kama wameelewa. Aliniambia baadaye kwamba alikutana na vibao akiwa Kidato cha Kwanza, kwa mwalimu ambaye hakukubali mikono, na kwamba ndani ya wiki moja ilijulikana hajui kugawanya. Walianza naye upya. Ilichukua mwaka mzima.

Nilipima kibao kimoja kwa rula yangu na kuandika vipimo. Alinipa kimoja cha mfano, na tulipoagana hakunitaka ahadi yoyote.

Moduli ya nane niliomba niirudie, na kwa kufanya hivyo jina langu halipo kwenye orodha ya mwaka huu. Litakuwa kwenye ya mwaka ujao. Calvin, fundi seremala aliyesoma kwetu, alikata vibao arobaini na sita kwa masalia ya mbao za kiwanda chake, na wazazi wawili wakavipaka rangi. Siku ya kwanza Kindness alinyosha mkono kabla sijauliza chochote. Alitaka kujua kibao kinainuliwa kwa mkono gani. Nilimwambia yote miwili.

Swali lilikuwa theluthi mbili kujumlisha robo tatu. Nilihesabu hadi sitini kimoyomoyo, nikatoa ishara. Nilisoma vibao vyote bila haraka, na kwa mara ya kwanza darasa hilo lilikuwa kimya nilipouliza. Kiranja wangu alikuwa amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akapata tano ya saba. Alikuwa ameliandika kwa mwandiko mzuri, bila shaka yoyote, na muhula uliopita nilimpa alama A.

Video ya siku hiyo niliipandisha kama ilivyo. Mtathmini mpya, kutoka Rombo, alijaza Ndiyo kwenye kipengele cha kumi na mbili, na Hapana kwenye viwili vingine ambavyo ninaendelea kuvifanyia kazi.

Kisha nilimwandikia Hellen. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu na ilikuwa na maneno ambayo sijazoea kuyatumia. Niliifuta, si kwa sababu hayakuwa kweli, bali kwa sababu yalinihusu mimi. Niliyotuma yalikuwa haya: "Theluthi mbili kujumlisha robo tatu. Waliopata kumi na wanane, wasiopata ishirini na wanane. Majina ya wote ninayo. Bila wewe nisingekuwa nayo. Ahsante, Mwalimu."

Jibu lilifika kabla sijaweka simu mezani. Hakugusia shukrani. Aliuliza hao ishirini na wanane wamekosea wapi.

Nilivuta kiti, nikafungua kijitabu, nikaanza kumwandikia, mmoja mmoja kwa jina, na hatua aliyokosea.